Kulika kwa Barafu Motoni

Mkulima wa Mnyambe, juu ya uwanda wa Wamakonde katika wilaya ya Newala, hutumia jembe moja kwa miaka kadhaa, na kila msimu jembe hilo huwa fupi kidogo kuliko msimu uliotangulia. Halikuvunjika, wala halikuyeyuka, wala hapana mtu aliyelikata. Mwenyewe husema limelika. Sabuni hulika mikononi mwa mfuaji, kinoo hulika kwa visu, soli ya kiatu hulika njiani. Katika mambo yote haya kitu hupungua kutoka nje kwenda ndani, utando baada ya utando, na kile kinachosalia husalia kuwa kitu kilekile: jembe lililolika ni jembe bado. Neno hili ni dogo na limezoeleka mno shambani hata wenye kuandika maandishi ya elimu hulipita bila kulisalimu. Walakini ipo kazi moja kubwa katika fizikia ya leo ambayo inalihitaji, na isipopewa neno hilo hueleweka vibaya.

Kazi yenyewe ni ya kulisha moto mkali kuliko mioto yote iliyopata kuwashwa na binadamu. Jua huwaka kwa myeyungano, yaani viini vya atomu nyepesi kugandamana vikawa kiini kizito zaidi, na katika kugandamana huko nishati nyingi hutoka. Katika kitovu cha jua halijoto hukaribia nyuzi milioni 15. Watu wanaotaka kufanya jambo hilo hapa duniani hawana uzito wa jua wa kubana gesi kwa nguvu, basi hulazimika kufidia kwa joto: mtambo wa ITER, unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, umekusudiwa kufikia nyuzi milioni 150. Kwa joto la namna hiyo gesi si gesi tena. Elektroni huachana na viini vyao, na mchanganyiko huo huitwa utegili, au plazma kwa wanaopendelea neno la kigeni. Hakuna chungu kinachoweza kuupokea. Huzuiwa kwa uga wa sumaku ndani ya chombo chenye umbo la pete, kiitwacho tokamaki, ili usiguse kuta.

Kuni za moto huu ni aina mbili za hidrojeni, duteri na triti. Triti ni adimu sana, lakini duteri imo katika maji yote: katika kila atomu 6,500 hivi za hidrojeni ya maji, moja ni duteri. Imo hata katika ndoo ya maji inayobebwa kichwani Mnyambe, mahali ambapo kwa vizazi vingi maji yalipandishwa kwa miguu kutoka mabondeni, kwa kuwa mchanga wa uwanda huo hunywa mvua yote na kuitoa chini kabisa, kwenye miguu ya vilima. Kwa hiyo kuni hazikosekani. Shida ni namna ya kuzifikisha jikoni. Ukipuliza gesi pembezoni mwa utegili, gesi hiyo huwaka na kubadilika pale pale ukingoni, na sehemu kubwa haifiki ndani ambako moto unaihitaji. Basi ilifikiriwa kuwa kuni zigandishwe, zifanywe kidonge kigumu, na kirushwe ndani kama jiwe la kombeo.

Duteri huganda ikifika nyuzi 254 chini ya sifuri. Barafu yake husukumwa kupitia tundu kama tambi, hukatwa vipande vya milimita chache, na kila kipande hupigwa kwa msukumo wa gesi kikaruka mita mamia kadhaa kwa sekunde moja. Kitu baridi kupindukia huingia katika kitu cha moto kupindukia. Swali la mtu yeyote mwenye akili ni moja: kitafika wapi?

Hesabu ya kwanza inakatisha tamaa. Nguvu inayozishika molekuli za duteri pamoja katika barafu ni hafifu sana. Elektroni moja ya utegili, ikija na nishati yake ya kawaida, ina uwezo wa kutosha kuzing'oa molekuli makumi ya maelfu. Na elektroni hizo haziji moja moja. Huja kama mvua ya masika. Mtu akifanya hesabu kwa kuchukua joto lote linaloelekea kwenye kidonge na kuligawa kwa joto linalotosha kukigeuza mvuke, atapata kwamba kidonge kinakufa mlangoni, karibu kabla hakijaingia. Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha wala kutoa. Lakini vidonge haviifuati: huingia ndani, na huishi muda mrefu kupita kiasi kile mara nyingi sana.

Sababu yake inaweza kuonekana katika jiko lolote la Mnyambe. Mama anayetaka kujua kama kikaango kimepata moto hutia vidole majini na kunyunyizia matone machache juu ya chuma. Chuma kikiwa na moto wa kiasi, tone hutandaa, hupiga kelele na kutoweka mara moja. Chuma kikiwa na moto mkali zaidi, tone halitandai. Hujikusanya kama shanga na kukimbia huku na huku juu ya kikaango, likiishi muda mrefu kuliko lile la kwanza. Hili ni jambo la ajabu kweli, na mazoea ya jikoni yameliondolea ajabu yake. Daktari wa Kijerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliliandika mwaka 1756, baada ya kutazama matone ndani ya kijiko cha chuma kilichopashwa moto. Tone linalogusa chuma cha moto mno hutoa mvuke upesi hata mvuke huo unakuwa mto wa kulalia. Tone halikigusi tena chuma, na mvuke hupitisha joto polepole. Sehemu iliyokufa kwanza imekuwa ngao ya ile iliyosalia.

Mfano mwingine wa huko huko ni korosho, zao ambalo ndilo mkoba wa fedha wa watu wa Newala. Korosho zenye maganda zikichomwa juu ya bati lenye matundu, mafuta makali ya ganda hushika moto, moshi mzito hupanda, na mtu asiyejua angedhani kila kitu kimeteketea. Ganda likigongwa, kiini hutoka cheupe. Lakini mfano huu una upungufu, nao upungufu wenyewe unafundisha. Korosho ilizaliwa na ganda lake. Kidonge cha barafu hakina ganda; hulitengeneza safarini kutokana na mwili wake wenyewe, na hulitengeneza upya kila sehemu ya sekunde kwa kuwa lile la zamani linapeperushwa.

Hivi ndivyo inavyotokea. Elektroni za kwanza zinapokigusa kidonge, uso wake hutoa gesi. Gesi hiyo ni nzito ikilinganishwa na utegili unaoizunguka, na hukizunguka kidonge kama wingu. Elektroni zinazofuata hazina budi kupita ndani ya wingu, na kila moja hugongana na molekuli nyingi njiani, ikipoteza nishati yake kidogo kidogo. Zinazofika kwenye barafu ni zile zilizochoka. Sehemu ndogo mno ya joto lililoelekezwa kwenye kidonge ndiyo hugusa uso wake. Sehemu kubwa hutumika kulipasha wingu na kulitawanya. (Hapa kidonge kinatofautiana na tone la kikaangoni. Mvuke wa tone huzuia joto kwa kuwa ni mpitishaji mbaya wa joto. Wingu la kidonge huzuia kwa kupokea mapigo yenyewe.) Wingu hilo likisha kupata moto vya kutosha, nalo hugeuka utegili, na kuanzia hapo hushikwa na uga wa sumaku; haliwezi tena kutanuka kila upande, bali hurefuka kufuata mistari ya uga huo. Wapigaji picha wameliona likiwa na umbo la biri, aghalabu lenye mistari ya mwanga na giza inayopishana.

Uzuri wa jambo hili, na hapana neno jingine la kulieleza, ni kwamba ngao hujirekebisha. Joto likizidi, gesi zaidi hutoka, wingu hunenepa, na joto linalopenya hupungua. Wingu likikonda, joto hupenya, na gesi hutoka tena. P. B. Parks na R. J. Turnbull waliliweka jambo hili katika hesabu iliyochapishwa mwaka 1978, na matokeo yake yangali yakitumiwa. Kwa hesabu yao, wingi wa elektroni katika utegili ukiongezeka mara 8, kidonge hulika kwa kasi mara 2 tu, si mara 8. Halijoto ndiyo adui wa kweli: ikiongezeka mara 2, kasi ya kulika huongezeka mara 3 hivi. Kidonge kinaweza kuhimili umati, lakini hakihimili vizuri ukali wa mmoja mmoja, kwa kuwa elektroni yenye moto zaidi hupenya ndani zaidi ya wingu kabla ya kuchoka.

Wazo la kulisha moto kwa vidonge lilikuwa la zamani kuliko hesabu hiyo. Lyman Spitzer wa Princeton na wenzake walilitaja katika taarifa ya mwaka 1954, wakati ambapo mitambo ya kulijaribia haikuwapo. Miaka zaidi ya 20 ilipita ndipo vidonge vya kwanza viliporushwa katika tokamaki iitwayo ORMAK, huko Oak Ridge nchini Marekani. Na mwanzoni mwa kazi ile ndipo ilipodhihirika kuwa mtu hawezi kukisema kidonge bila kulisema wingu lake.

Maumbile yenyewe yalikuwa yamekwisha fanya jaribio hili mara nyingi, na baadhi ya ushahidi wake uko Tanzania. Kila kimondo kinachoingia katika hewa ya dunia huja kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kuwaka. Uso wake hulika, na kile kinacholika huondoka na joto. Watu wengi hudhani kuwa jiwe lililoanguka kutoka mbinguni lazima liwe limeiva hadi ndani. Sivyo. Safari ya motoni ni ya sekunde chache, na joto halina wasaa wa kusafiri ndani kabla tabaka lililolipokea halijang'olewa. Juu hubaki ganda jeusi jembamba, ndani hubaki kama palivyokuwa. Mjini Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mamia ya vipande vya kimondo kimoja vilianguka mchana, na kimoja cha gramu chache, baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, kilimpiga mvulana kichwani bila kumdhuru.

Lakini shahidi mkubwa si huyo, wala si kimondo cha Mbozi chenye uzito wa tani zipatazo 16, ambacho wageni hukiendea kukipiga picha. Ni jiwe dogo lililoanguka Ivuna, katika mkoa wa Songwe wa leo, tarehe 16 Desemba 1938, ambalo uzito wake uliookotwa ni gramu 705. Jiwe la Ivuna ni laini, hufikichika, na ndani ya madini yake mna maji yaliyofungwa humo tangu zama za kuumbwa kwa sayari. Maji hayo yangetoka kama jiwe lingepashwa moto hadi kiini. Hayakutoka. Kwa hiyo kila kipande cha Ivuna kilichohifadhiwa ni cheti kwamba uso uliteketea na ndani hapakujua. Wataalamu wamelipa kundi zima la mawe ya namna hiyo alama inayotokana na jina la Ivuna. Na chembe zilizoletwa na chombo cha Kijapani Hayabusa2 kutoka kisayari Ryugu, Desemba 2020, zilionekana kuwa za kundi hilohilo. Mchanganyiko wa elementi zake hufanana na wa jua, isipokuwa gesi nyepesi kama hidrojeni, ambayo jiwe halikuweza kuishika kwa wingi. Hidrojeni hiyo iliyokosekana ndiyo inayogandishwa leo kwa taabu kubwa na kurushwa motoni.

Sasa lugha. Achukuliwe kijana wa Mnyambe aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza, naye amerudi nyumbani likizo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnasoma nini huko?"

"Tunasoma namna ya kutupa barafu katika moto, bibi."

"Na moto hauzimiki?"

"Hauzimiki. Hiyo barafu ndiyo kuni zake."

"Na barafu haiyeyuki?"

Hapo kijana hukwama. Akijibu kuwa inayeyuka, amesema uongo mara mbili. Kwanza, kuyeyuka ni kuwa majimaji, na kidonge hiki hakionekani kuwa majimaji. Uso wake hugeuka gesi, na ndani hubaki kigumu na baridi hadi karibu na mwisho. Pili, kitu kinachoyeyuka hulegea chote pamoja, kama samli juani, na msikilizaji atakiona kidonge kikilainika na kupotea mlangoni, kama ile hesabu ya kwanza ilivyodai. Neno baya limeleta fizikia mbaya. Si kwamba bibi hana akili ya kufahamu. Yeye ndiye aliyenyunyiza matone juu ya kikaango kwa miaka 50. Kijana ndiye aliyepewa elimu bila kupewa daraja la kuivusha nyumbani.

Akisema kumomonyoka, atakuwa amekaribia. Watu wa Newala wanalijua neno hilo kwa macho, kwa kuwa wanaona kingo za uwanda wao zikiporomoka kwa mvua. Lakini udongo humomonyoka kwa mabonge, na bonge likianguka haliukingi udongo uliobaki; huuacha wazi zaidi. Akisema kufuka, atakuwa ameutaja mvuke tu, maana chungu hufuka kutwa nzima na chungu hakipungui. Akisema kulika, bibi ataona jembe. Na akisema kidonge hulika kwa kufuka, na kwamba kile kinachofuka hukikinga, bibi ataona jembe na tone kwa pamoja, naye ataweza kuuliza swali la pili. Uwezo wa kuuliza swali la pili ndicho kipimo cha istilahi. Istilahi zilizotungwa mezani kwa kugeuza mizizi ya Kilatini zina nafasi yake, na hapana sababu ya kuzidharau. Utegili lenyewe ni neno la kupangwa, nalo linafaa. Ila ni vigumu kukubali kuwa jambo linalotokea kila siku katika kikaango lingojee kamati.

Na swali la pili la bibi yamkini litakuwa hili: ngao hiyo ni nzuri au ni mbaya? Jibu ni kwamba inategemea. Kwa anayelisha moto ni nzuri, ingawa haitoshi. Katika mtambo mkubwa wenye joto la ITER, kidonge hakitafika kitovuni hata kwa ngao yake. Kitakwisha katika ukanda wa nje, na kuongeza kasi peke yake hakuleti faida inayolingana na taabu. Msaada ulipatikana mahali pasipotazamiwa. Wingu linaloachwa na kidonge, likisha kuwa utegili, husukumwa kuelekea upande wa nje wa pete, ambako uga wa sumaku ni hafifu. Kidonge kikiingizwa kwa upande wa nje, msukumo huo hutupa kuni nje tena. Kikiingizwa kwa upande wa ndani, karibu na tundu la pete, msukumo uleule huzipeleka kuni kuelekea katikati. Jaribio la ASDEX Upgrade huko Garching, Ujerumani, lilionyesha tofauti hiyo katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997: kidonge hulika vilevile, lakini kile kilicholika huenda kunakotakiwa.

Kwa anayetaka kuuzima moto, ngao ni kikwazo. Utegili ukipoteza utulivu unaweza kuachia nishati yake yote ukutani kwa ghafula, na kuharibu chombo. Kinga inayotayarishwa kwa ITER ni kurusha vidonge vikubwa zaidi vya hidrojeni iliyochanganywa na neoni; na ili visijikinge mno, hupigizwa kwenye kona ya bomba mlangoni mwa utegili vikavunjika vipande vidogo, ili uso wa kulika uwe mpana na gesi itoke kwa wingi mara moja. Mpishi huponda tangawizi kwa sababu ileile.

Vile vya kulishia haviruhusiwi kuvunjika. Ili kufika upande wa ndani wa pete ni lazima bomba lizunguke chombo kwa kona kadhaa, na barafu ya duteri ikipita kona kwa kasi kubwa hupasuka. Kwa hiyo wahandisi wa ITER wamechagua mwendo wa mita 300 hivi kwa sekunde, ambao ni mdogo kuliko mitambo ya kurushia inavyoweza kutoa. Kwa mwendo huo, katika kila milisekunde moja ya uhai wake, kidonge husonga sentimita 30 ndani ya moto.